Taa za Ziada kwa Gari la Huduma: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua



Kati ya maombi yanayofika ofisini kwetu kutoka kamati za parokia, yapo yanayofanana sana: kamati inaomba fedha za kununua taa za ziada, zile ambazo wengi huziita spoti, kwa ajili ya gari la huduma. Sababu zinazotolewa ni za kweli. Gari la parokia au la kituo cha afya huitwa usiku kumpeleka mama mjamzito hospitali ya wilaya, na barabara haina taa hata moja toka mwanzo hadi mwisho. Wakati huohuo, wapo wafadhili wanaotuuliza kama inafaa wanunue taa hizo huko kwao na kuzituma. Tumeona ni vema tuwajibu wote kwa pamoja katika toleo hili.

Tunapenda kusema jambo moja tangu mwanzo. Taa za ziada zinaweza kuokoa maisha, lakini ni hatua ya mwisho, si ya kwanza. Gari ambalo taa zake za asili zina ukungu, zimelengwa vibaya au hazipati umeme wa kutosha, halitatengemaa kwa kuongezewa taa mbili juu ya ngao. Aidha, taa za ziada zikifungwa au zikitumiwa vibaya huhamisha hatari kutoka kwenye gari letu na kuipeleka kwa mwendesha baiskeli anayetoka upande wa pili.

Maelezo haya yanahusu hasa magari yanayovuta magurudumu yote manne, yaani foo-wili, kama vile Land Cruiser, Land Rover na Hilux, kwa kuwa ndiyo yanayotumika zaidi katika huduma vijijini.

USIKU DEREVA ANAONA UMBALI GANI?

Katika nchi zetu zilizo karibu na Ikweta, jua likizama giza huingia haraka. Kufika saa moja na nusu usiku, dereva anategemea taa zake peke yake. Swali la kwanza basi ni hili: je, akiona kitu mbele, anaweza kusimama kabla ya kukifikia?

Tumefanya hesabu rahisi. Tumechukulia kwamba dereva anahitaji sekunde moja na nusu kutambua kitu na kukanyaga breki, na kwamba gari lenye breki nzima liko kwenye barabara kavu ya changarawe. Umbali wote hadi gari lisimame ni kama ifuatavyo:

- Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa: kama mita 53.
- Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa: kama mita 84.
- Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa: kama mita 120.

Sasa tulinganishe na mwanga. Taa za chini, yaani dimu, mara nyingi humwonyesha dereva mtu aliyevaa nguo za giza akiwa umbali wa kati ya mita 40 na 60. Taa kamili, yaani fuli, zikiwa nzima, humwonyesha mtu huyo kwa mita 100 au zaidi. Maana yake ni kwamba dereva anayekwenda kilomita 80 kwa saa akiwa na dimu tayari amezidi uwezo wa macho yake. Mtu akitokea mbele, gari litamfikia kabla halijasimama.

Ikumbukwe pia kwamba binadamu haonekani kirahisi kama mnyama. Macho ya ng'ombe, mbuzi na punda hung'aa yakipigwa na taa, kwa sababu ndani yake kuna utando unaorudisha mwanga. Macho ya binadamu hayana utando huo. Hivyo dereva anaweza kumwona mbuzi mbali na asimwone mchungaji aliye kando yake. Hali ni hiyohiyo kwa lori lililoharibika njiani bila vibao vya kung'aa, likiwa limewekewa matawi ya miti tu kuashiria hatari.

Taa za ziada hurefusha uwezo wa kuona pale barabara inapokuwa tupu. Lakini mara tu gari au pikipiki inapotokea mbele, ni lazima zizimwe na dereva arudi kwenye dimu. Kwa hiyo hakuna taa ya ziada inayompa dereva ruhusa ya kupishana na wengine kwa mwendo wa kasi. Kamati ikilielewa jambo hili, itakuwa imeelewa nusu ya makala hii.

ANZENI NA TAA ZILIZOPO

Kabla ya kuomba taa mpya, tunashauri gari lipelekwe kwa fundi umeme wa magari likaguliwe mambo matano. Mengi kati yake hayana gharama kubwa.

1. Kioo cha taa na rifleta. Taa za plastiki huwa za njano na zenye ukungu baada ya miaka kadhaa ya jua kali. Zinaweza kusuguliwa na kung'arishwa upya, ingawa baada ya muda ukungu hurudi. Taa za kioo hupasuka kwa kokoto na kuingiza maji na vumbi. Ndani ya taa kuna rifleta, ule uso unaong'aa kama kioo cha kujitazamia. Ikiwa imepauka au imeshika kutu, hakuna balbu itakayosaidia. Dawa ni kubadilisha taa nzima. Land Rover Defender na Land Cruiser nyingi za zamani zina taa za duara za kipenyo cha inchi 7, ambazo vipuri vyake hupatikana kwa urahisi. Baadhi ya magari ya zamani yana taa ambayo balbu na kioo ni kitu kimoja. Hizo zinaweza kubadilishwa na kuwekwa taa zinazotumia balbu ya H4.

2. Balbu. Balbu ya H4 ya volti 12 hutumia wati 60 kwa fuli na wati 55 kwa dimu. Balbu ya halojeni iliyotumika muda mrefu hufifia kabla ya kuungua, hivyo zibadilishwe zote mbili kwa pamoja. Fundi asishike kioo cha balbu kwa vidole vitupu, kwa kuwa mafuta ya mkono hupata moto na kuharibu balbu mapema. Tunawaonya wale wanaoweka balbu za wati 100 katika taa za kawaida: joto lake huyeyusha soketi, huunguza rifleta na hulemea nyaya ambazo hazikutengenezwa kwa mzigo huo.

3. Umeme unaofika kwenye balbu. Hili husahaulika mara nyingi. Mwanga wa balbu ya halojeni hushuka kwa kasi kuliko volti zinavyoshuka. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Fundi awashe injini na taa, kisha apime volti kwenye betri na baadaye kwenye soketi ya balbu. Kama betri ina volti 13.7 na balbu inapata 12.3 tu, karibu theluthi moja ya mwanga imepotea njiani. Sababu ni nyaya nyembamba au zilizochakaa, waya wa athi ulioshika kutu, au umeme wote wa taa kupitia kwenye swichi ya usukani. Dawa yake ni kusafisha athi na kufunga rilei mbili, moja ya dimu na nyingine ya fuli, ili umeme mkubwa utoke betri moja kwa moja na swichi ibaki na kazi ya kuamuru tu. Mara nyingi kazi hii peke yake huleta mabadiliko ambayo kamati ilikuwa ikiyatafuta kwa kununua spoti.

4. Kulenga. Gari liegeshwe mahali tambarare, mita 10 kutoka kwenye ukuta. Pimeni kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini na mkiweke alama ukutani. Washeni dimu. Mstari ambapo mwanga unakatika uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya alama hiyo. Ukiwa juu ya alama, mnawapofusha wengine. Ukiwa chini sana, dereva haoni mbali. Upimaji ufanyike gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Gari likijaa watu nyuma, pua huinuka na taa huinuka nayo, na hivyo ndivyo lilivyo gari linalobeba mgonjwa na ndugu zake.

5. Kioo cha mbele na macho ya dereva. Kioo kilichokwaruzwa na waipa, au chenye vumbi upande wa ndani, hutawanya mwanga wa magari mengine na kumziba dereva. Kioo kifutwe ndani na nje kabla ya kila safari ya usiku. Dereva naye apimwe macho. Mtoto wa jicho akianza, mtu huweza kuona vizuri mchana na kusumbuka sana usiku anapopigwa taa. Miwani ya njano inayouzwa kama miwani ya usiku haiongezi mwanga. Hupunguza ule mdogo uliopo.

AINA ZA TAA ZA ZIADA

Iwapo mambo hayo matano yametimizwa na bado gari linahitaji msaada, ndipo kamati ichague aina ya taa. Zipo nne za kawaida, na kila moja ina kazi yake.

Taa za mwale mwembamba. Hizi ndizo spoti hasa. Hutupa mwanga mbali sana katika njia nyembamba. Zinafaa barabara ndefu iliyonyooka, lakini hazionyeshi kandokando, ambako ndiko watu na mifugo hutokea.

Taa za kuendeshea. Mwale wake ni mpana kuliko wa spoti ingawa haufiki mbali kama huo. Hujaza pale fuli inapoishia na huonyesha kingo za barabara. Kwa gari la huduma linalopita vijijini, hizi ndizo tunazopendekeza kwanza. Zipo pia jozi ambazo taa moja ni ya mwale mwembamba na nyingine ni ya mwale mpana.

Taa za ukungu. Hizi hufungwa chini na hutoa mwanga mpana, mfupi, uliokatika upande wa juu. Zinafaa kwa ukungu wa milimani, mvua kubwa na vumbi. Kinachosaidia ni kukaa chini na kutotupa mwanga juu, kwa kuwa mwanga ukipiga ukungu au vumbi mbele ya macho humrudia dereva kama ukuta mweupe. Watu wengi huamini kwamba rangi ya njano ndiyo dawa. Rangi huweza kupunguza mng'ao unaochosha macho, lakini ufungaji na umbo la mwale vina uzito zaidi.

Taa ndefu za LED za kufunga juu ya paa. Zinavutia macho na zimeenea sana. Hata hivyo, zikiwa juu ya paa hupiga mwanga kwenye boneti na kumrudishia dereva, na katika vumbi hali huwa mbaya zaidi. Kwa kazi ya kusimama, kwa mfano kupakua dawa au kubadilisha gurudumu, taa ndogo ya kazi upande wa nyuma inatosha.

HALOJENI AU LED?

Miaka ya nyuma jibu lilikuwa halojeni, kwa sababu taa nyingine zilikuwa ghali au hazikupatikana. Leo taa za LED zimeshuka bei na zina faida ya wazi: kwa umeme uleule hutoa mwanga mwingi zaidi. Balbu ya H4 ya wati 60 hutoa takriban lumeni 1,650. Taa nzuri ya LED hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati, yaani lumeni 6,000 kwa wati 60. LED pia haina uzi wa kukatika kwa mtikisiko, jambo lenye maana katika barabara zilizokunjamana kama bati.

Halojeni nayo ina sifa zake. Balbu hupatikana hata katika duka la vipuri la mji mdogo, na hubadilishwa kando ya barabara kwa dakika chache. Taa ya LED ikifa, kwa kawaida hununuliwa nyingine nzima. Kwa parokia iliyo mbali na mji na yenye gari la zamani, jozi ya taa za halojeni za wati 55 zilizofungwa vizuri bado ni chaguo la busara.

Tunaomba kamati ziwe macho na mambo yafuatayo kuhusu LED.

Kwanza, maandishi ya boksi. Lumeni elfu ishirini kwa taa ya wati 60 ni hesabu isiyowezekana. Njia rahisi ya kuhakiki ni kumwomba fundi apime umeme unaovutwa. Wati ni volti mara ampea, hivyo taa iliyoandikwa wati 180 inayovuta ampea 3 tu kwenye volti 12 ni taa ya wati 36.

Pili, umbali unaotangazwa. Wauzaji huandika umbali ambao mwanga umebaki laksi 1. Huo ni mwanga hafifu, usiotosha kumtambua mtu mwenye nguo nyeusi. Umbali ukigawanywa kwa mbili mwanga huwa mara nne, hivyo dereva ahesabu kwamba ataona vizuri ndani ya nusu ya umbali huo au pungufu.

Tatu, balbu za LED zinazochomekwa katika taa ya halojeni. Rifleta ya taa hiyo ilichorwa kwa ajili ya uzi mdogo wa balbu ya halojeni ulio mahali maalumu. Chanzo cha mwanga kisipokaa mahali hapo, mwanga hutawanyika. Dereva huona kuna weupe mwingi karibu na gari na kuridhika, ilhali mbali hakuna kilichoongezeka na wanaokuja wanapofuka.

Nne, redio. Baadhi ya taa za LED za bei ya chini huingilia mawasiliano ya redio. Kituo kinachotumia redio kwenye gari kijaribu taa hizo redio ikiwa wazi kabla ya kulipa.

Tano, alama ya kinga. Tafuteni IP67 au zaidi. Tarakimu ya 6 inaonyesha kwamba vumbi haliingii, na ya 7 kwamba taa inastahimili kuzamishwa majini kina cha mita 1 kwa dakika 30. Gari linalovuka mito wakati wa masika linahitaji kinga hiyo.

UFUNGAJI ULIO SAHIHI

Taa nzuri iliyofungwa vibaya inaweza kuunguza gari. Fundi afuate utaratibu huu, na mjumbe mmoja wa kamati awepo kuuhakiki.

Kwanza ijulikane gari ni la volti ngapi. Magari mengi ni ya volti 12, lakini yapo ya volti 24. Kuwepo kwa betri mbili si ushahidi, kwa kuwa betri mbili zinaweza kuunganishwa kwa volti 12 au 24. Ipimwe kwa mita.

Kisha ipigwe hesabu ya umeme. Jozi ya wati 55 ni wati 110. Ukigawanya kwa volti 12 unapata ampea 9. Jozi ya wati 100 ni karibu ampea 17. Waya mwembamba wa milimita 1 ya mraba, wenye urefu wa mita 3, hupoteza karibu nusu volti kwa jozi ya kwanza na karibu volti nzima kwa jozi ya pili. Tumieni waya wa milimita 2.5 za mraba kwa jozi ndogo, na wa milimita 4 kwa jozi kubwa.

Umeme utoke betri kupitia fyuzi iliyo karibu kabisa na betri: ampea 15 kwa jozi ndogo, ampea 25 kwa jozi kubwa. Waya usio na fyuzi ukichubuka kwenye bodi unaweza kuwaka moto. Kutoka kwenye fyuzi umeme uingie kwenye rilei, mguu wa 30, na kutokea mguu wa 87 kwenda kwenye taa. Miguu ya 85 na 86 ndiyo inayopokea amri.

Amri hiyo itoke kwenye waya wa fuli, ikipitia swichi ndogo kwenye dashibodi. Kwa mpango huu taa za ziada huwaka pale tu fuli inapowaka na swichi ikiwa imewashwa, na dereva akishusha taa zote hushuka kwa mkono mmoja. Fundi atakayezifunga kwa swichi ya peke yake amemtaka dereva akumbuke mambo mawili kila anapopishana na gari, na usiku wa manane, mgonjwa akiwa nyuma, dereva atasahau moja. Fundi azingatie pia kwamba katika baadhi ya magari ya Toyota swichi ya taa hukata upande wa hasi badala ya chanya, hivyo apime kabla ya kuunganisha.

Taa zikae imara kwenye ngao au bampa, si kwenye bati jembamba linalotikisika. Zisizibe rejeta, kwa kuwa injini itapata joto kupanda mlima. Zilengwe ukutani kama tulivyoeleza, kiini cha mwanga kikiwa kwenye kimo cha taa yenyewe au chini kidogo. Kwa kuwa taa hizi huibwa, wekeni nati zinazohitaji ufunguo maalumu na mchore namba ya gari kwenye mwili wa taa.

SHERIA NA HESHIMA KWA WENGINE

Sheria za taa za ziada hutofautiana nchi na nchi. Kabla ya kulipa, kamati imtume mtu kwa mkaguzi wa magari wa polisi akaulize idadi ya taa zinazoruhusiwa na mahali pa kuzifunga. Taa za rangi nyekundu, bluu au za kumetameta zisifungwe kwenye gari la huduma bila kibali.

Dereva ashushe taa mara anapoona mwanga wa gari, pikipiki au baiskeli inayokuja, bila kusubiri aombwe. Ashushe pia anapolifuata gari jingine kwa karibu. Vilevile ashushe anapowakuta watembea kwa miguu wanaokuja kumwelekea. Jicho lililopigwa mwanga mkali huhitaji sekunde kadhaa kurudia hali yake, na kwa wazee muda huo ni mrefu zaidi. Mama anayetembea kando ya barabara na mzigo kichwani anaweza kukanyaga mtaro, au kuingia barabarani, ndani ya sekunde hizo.

KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru kwa moyo wenu wa kutaka kutuma vifaa. Tunaomba mzingatie upande wa barabara. Katika Tanzania, Kenya na Uganda magari huenda upande wa kushoto. Katika sehemu kubwa ya Ulaya, na pia Rwanda, Burundi na Kongo, huenda kulia. Dimu ya gari hurusha mwanga zaidi upande wa ukingo wa barabara. Taa kubwa iliyotengenezwa kwa Ujerumani au Italia, ikifungwa Tanzania, hurusha mwanga huo machoni mwa anayekuja. Kulenga upya hakuondoi kasoro hii.

Njia ya kuzitambua ipo. Taa zilizoidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa huwa na herufi E na namba ndani ya duara. Ukisimama ukiitazama taa kutoka mbele, mshale unaoelekea kulia kwako unaonyesha taa ya nchi zinazoendesha kushoto. Mshale wenye ncha mbili unaonyesha kwamba taa inaweza kurekebishwa kwa pande zote. Dimu isiyo na mshale ni ya nchi zinazoendesha kulia. Taa za ziada za kuendeshea hazina shida hii, kwa kuwa mwale wake ni sawa pande zote. Hata hivyo, tunaomba mtuulize kwanza volti za gari na kama balbu yake inapatikana huku.

Mara nyingi msaada unaofaa zaidi ni fedha za kumlipa fundi wa hapa na kununua nyaya, rilei na balbu katika mji wa karibu. Kwa gharama ndogo pia mnaweza kuwanunulia makatekista na wahudumu wa afya vizibao vya kung'aa na rifleta za baiskeli. Vitu hivyo hurudisha mwanga wa taa za kawaida na kumfanya mtu aonekane mbali kuliko nguo nyeusi zinavyoruhusu, hata kwa gari lisilo na spoti.

KWA KAMATI: KABLA YA KUPITISHA MAOMBI

Tunaomba kila kamati ijibu maswali haya katika kikao, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari:

1. Daftari la safari linaonyesha safari ngapi za usiku katika miezi mitatu iliyopita, na ngapi kati yake zilikuwa za dharura? Safari ya mkutano au ya kununua saruji inaweza kuanza alfajiri.

2. Barabara inayotumika ni ya aina gani: iliyonyooka, ya milima, ya ukungu, au inayopita katikati ya vijiji?

3. Fundi amekagua mambo matano ya taa zilizopo, na volti zilizopimwa kwenye balbu ni ngapi?

4. Nani anaendesha usiku, na macho yake yalipimwa lini?

5. Baada ya kufungwa, nani atafuta taa kila safari, nani atahakiki ulengaji kila baada ya miezi sita, na balbu ya akiba itakaa wapi?

Pamoja na majibu hayo, kamati iweke kiwango cha mwendo wa usiku na kukibandika kwenye dashibodi. Kwa barabara za changarawe tunapendekeza kisizidi kilomita 60 kwa saa dereva akiwa kwenye fuli, na kipungue hadi 40 anapopishana na wengine kwa dimu. Kiwango hicho kibaki vilevile hata baada ya taa mpya kufungwa. Tukinunua taa ili dereva aone mapema, kisha yeye akaongeza mwendo, umbali tulioununua utakuwa umekwisha na yule mtu wa kando ya barabara hatakuwa amepata faida yoyote.

Maombi yatakayofika yakiwa na majibu ya maswali matano, taarifa ya fundi na makadirio ya gharama kutoka maduka mawili, tutayashughulikia kwanza. Kamati ambazo fundi wake amegundua kuwa rilei na balbu zinatosha zisisite kuomba hizo tu. Maombi madogo ya aina hiyo tunayapokea kwa furaha, na fedha zinazobaki zitasaidia gari la parokia nyingine.